Urejelezaji wa oili chafu

Urejelezaji wa oili chafu ni kazi ya kukusanya, kutunza na kusafisha upya oili iliyokwisha kutumika katika injini za magari, pikipiki, jenereta na mashine nyingine, pamoja na filta zake, ili vitumike tena badala ya kumwagwa ardhini au mtaroni, au kuchomwa ovyo. Nchini Kenya na Tanzania oili iliyotolewa kwenye injini hujulikana kwa kawaida kama oili chafu. Kisheria huhesabiwa katika nchi nyingi kuwa taka hatarishi, lakini sokoni ni bidhaa yenye wanunuzi wake.

Oili ya injini huchafuka, lakini haichakai kabisa. Sehemu yake kubwa inaweza kusafishwa na kurudi kwenye injini mara nyingi. Hata hivyo, jambo hilo hutegemea zaidi anayeifungua nati ya oili kuliko kiwanda: oili iliyomwagika haikusanyiki tena, na iliyochanganywa na vitu vingine ni vigumu kuisafisha.

Oili chafu ni nini

Oili mpya ya injini ina sehemu mbili. Ya kwanza ni oili ya msingi, ambayo hutokana na mafuta ghafi ya petroli au hutengenezwa kiwandani kwa njia za kemia. Ya pili ni viungio vya kemikali vinavyozuia kutu, povu na kusagika kwa vyuma, vinavyoosha masizi, na vinavyosaidia oili kutunza mnato wake injini ikiwa baridi au moto.

Injini inapofanya kazi, viungio hupungua nguvu polepole. Wakati huohuo oili hupokea masizi, maji yanayotokana na uchomaji, petroli au dizeli isiyoungua, na chembe ndogo za metali zinazosagika kutoka kwenye pistoni, silinda na beringi. Rangi nyeusi peke yake haionyeshi kwamba oili imekwisha, kwa sababu viungio vya kuosha hufanya kazi yao kwa kuyashika masizi yaelee ndani ya oili yasigande kwenye vyuma. Katika injini za dizeli oili inaweza kuwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Kinachoamua wakati wa kuibadilisha ni kilomita au saa za kazi zilizowekwa na mtengenezaji wa injini.

Oili ya msingi yenyewe hubaki karibu ileile. Hii ndiyo sababu ya kuirejeleza. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani (EPA) hutoa ulinganisho huu: galoni 42 za mafuta ghafi (takriban lita 159) hutoa kiasi cha lita 2.4 za oili mpya, na kiasi hichohicho kinaweza kupatikana kutoka galoni 1 (lita 3.8) ya oili chafu. Mafuta ghafi hayo hutoa pia petroli, dizeli na bidhaa nyingine, kwa hiyo ulinganisho huo unahusu oili peke yake.

Kiasi kinachotoka

Gari dogo kwa kawaida hubeba oili lita 3 hadi 5, na pikipiki ya cc 100 hadi 150 hubeba takriban lita 1. Lori kubwa linaweza kubeba lita 20 hadi 40.

Kiasi cha pikipiki moja huonekana kidogo, lakini hujilimbikiza haraka. Dereva wa bodaboda anayekwenda kilomita 100 kwa siku na kubadilisha oili kila baada ya kilomita 2,500 huibadilisha kila siku 25. Kwa mwaka hutoa zaidi ya lita 14. Kijiwe chenye pikipiki 20 za namna hiyo hutoa karibu lita 290 kwa mwaka, yaani pipa la kawaida la lita 200 likijaa na lingine likikaribia nusu.

Madhara

Katika maji. Oili ni nyepesi kuliko maji, hivyo huelea na kutandaa kama utando mwembamba. Utando huo huzuia hewa kuingia majini na hudhuru samaki, wadudu wa majini na ndege. EPA hukadiria kwamba oili inayotolewa kwenye gari mara moja inaweza kuchafua galoni milioni 1 za maji baridi (takriban lita milioni 3.8), kiasi kinachoweza kutosha watu 50 kwa mwaka. Katika mwambao, oili inayofika kwenye mikoko huganda kwenye mizizi ambayo mti hutumia kuvuta hewa.

Sehemu nyingi za gereji katika miji ya Afrika Mashariki ziko karibu na njia za maji. Mjini Nairobi, gereji za Grogan zimepakana na Mto Nairobi. Katika Kampala, maji ya mvua kutoka eneo la gereji za Kisekka huelekea kwenye mfereji wa Nakivubo, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Oili iliyomwagwa kwenye udongo wa gereji wakati wa kiangazi huchukuliwa na mvua za kwanza za masika.

Hatari ni kubwa zaidi mahali ambapo watu hunywa maji ya visima. Unguja na kisiwa cha Mombasa vimekaa juu ya miamba ya matumbawe yenye mashimo na nyufa nyingi. Mwamba wa namna hiyo hauchuji maji kama mchanga unavyofanya. Kilichomwagwa juu kinaweza kufika kwenye maji ya chini kwa haraka.

Katika ngozi na mwili. Oili chafu huwa na hidrokaboni zenye pete nyingi, kundi la kemikali ambamo baadhi husababisha saratani. Katika majaribio, panya waliopakwa oili ya injini iliyotumika mara kwa mara walipata uvimbe wa saratani ya ngozi. Kwa mafundi wanaoigusa kila siku, madhara yanayoonekana kwanza ni ngozi kukauka, kupasuka, kuwasha na kutoka chunusi kwenye mikono na mapaja, hasa pale matambara yenye oili yanapowekwa mfukoni. Kunawa mikono kwa petroli huongeza tatizo, kwa kuwa petroli huondoa mafuta ya asili ya ngozi na kuiacha bila kinga.

Katika hewa. Oili chafu ikichomwa kwenye moto wa kawaida hutoa moshi mzito wenye masizi na metali. Zamani risasi ilikuwa sumu kuu katika moshi huo, kwa sababu petroli yenye risasi iliacha metali hiyo ndani ya oili. Baada ya nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuacha petroli hiyo kufikia Januari 2006, kufuatia Azimio la Dakar la mwaka 2001, kiasi cha risasi katika oili chafu kilipungua sana. Metali nyingine, ikiwemo zinki ya viungio, bado zimo.

Kutoa oili bila kuipoteza

Kazi ya kubadilisha oili nyumbani au katika gereji ndogo hufuata hatua chache ambazo huamua kama oili itarejelezwa au la.

1. Injini huwashwa kwa dakika chache kisha huzimwa. Oili yenye uvuguvugu hutiririka vizuri na kutoka na uchafu wake. Oili ya moto sana inaweza kuunguza mikono.
2. Gari huwekwa mahali tambarare. Likiinuliwa, hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingia chini ya gari.
3. Beseni pana lenye ujazo unaozidi oili ya injini huwekwa chini ya nati ya kumwagia oili kabla nati haijafunguliwa.
4. Oili huachwa idondoke mpaka iishe, kisha filta huondolewa na kuwekwa juu ya beseni hilohilo.
5. Oili humiminwa kwa kutumia mrija au faneli kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Dumu lililoletwa na oili mpya linafaa kuliko yote.
6. Chombo huandikwa "oili chafu" na kuwekwa kivulini, mbali na moto, chakula na watoto.

Dumu lililobeba oili chafu halifai tena kwa maji ya kunywa wala mafuta ya kula, hata likioshwa kwa sabuni, kwa sababu plastiki hufyonza oili. Vilevile dumu lililokuwa na klorini, kiuatilifu au petroli halifai kupokea oili chafu, kwani mabaki yake huiharibu.

Oili ikimwagika sakafuni, maranda au mchanga mkavu humwagiwa juu yake, huachwa ifyonzwe, kisha hufagiwa na kutiwa katika mfuko wa taka za oili. Kuosha sakafu kwa maji na sabuni husukuma oili mtaroni.

Kutochanganya

Kosa linaloharibu oili nyingi zaidi kabla ya kufika kiwandani ni kuichanganya. Maji yaliyomo kwenye oili yanaweza kutolewa kwa joto, lakini vitu vingine havitoki kwa urahisi. Maji ya rejeta yana glaikoli, ambayo huvuruga usafishaji. Mafuta ya breki ni ya kemikali tofauti na oili. Petroli hufanya oili iwake kwa urahisi na kuhatarisha wasafirishaji. Vimiminika vyenye klorini vinavyotumika kusafishia vyuma ndivyo vibaya kuliko vyote: nchini Marekani, oili chafu yenye zaidi ya sehemu 1,000 kwa milioni za halojeni, kundi ambamo klorini imo, huchukuliwa kuwa imechanganywa na taka hatarishi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Oili ya giaboksi na ya haidroliki kwa kawaida hupokelewa pamoja na oili ya injini. Mafuta ya kupikia hayachanganywi nayo, kwa kuwa yana njia yake ya kurejelezwa.

Filta za oili

Filta ya oili ina ganda la chuma, karatasi ya kuchujia iliyokunjwakunjwa, na mpira wa kuzibia. Filta nyingi zina pia vali inayozuia oili kurudi chini injini inapozimwa. Kwa sababu ya vali hiyo, filta iliyotolewa kwenye injini hubaki na oili ndani, na ikitupwa jalalani oili hiyo huvuja taratibu.

Namna iliyozoeleka ya kuitoa ni kutoboa upande wa juu wa filta, au kuitoboa vali yenyewe, wakati filta bado ina joto la injini, kisha kuigeuza juu ya chombo. EPA hupendekeza ichuruzike kwa muda usiopungua saa 12. Gereji kubwa hutumia mashine inayoibana filta na kukamua oili iliyobaki. Oili iliyotoka huingizwa kwenye dumu la oili chafu.

Ganda la filta iliyokamuliwa ni chuma kizuri. Linaweza kuuzwa kama chuma chakavu na kuyeyushwa pamoja na vyuma vingine, kwa mfano katika viwanda vya nondo. Filta isiyochuruzishwa huchafua shehena nzima ya chuma chakavu na hutoa moshi katika tanuri. Filta za oili zilizo na karatasi tu, bila ganda, huchuruzishwa vilevile lakini hazina chuma cha kuuza.

Njia za urejelezaji

Kusafisha na kutumia tena mahali pale. Viwanda vyenye mashine kubwa huchuja oili ya haidroliki au ya transfoma, huondoa maji, huongeza viungio na kuirudisha kwenye mashine zilezile. Njia hii haifai kwa oili ya injini iliyochujwa kwa kitambaa au chujio la kawaida: masizi laini, petroli na kemikali zilizoyeyuka hupita kwenye chujio.

Kusafisha upya kiwandani. Hii ndiyo njia inayorudisha oili katika hali ya oili ya msingi. Kwanza oili hupashwa joto ili maji na petroli zitoke. Kisha hukenekwa ndani ya ombwe, yaani katika chombo kilichoondolewa hewa, ambamo oili huchemka kwa joto la chini zaidi bila kuungua. Metali na viungio vilivyochakaa hubaki chini kama mabaki mazito yanayoweza kuchanganywa katika lami. Mwisho oili hutiwa hidrojeni chini ya kani kubwa ili kuondoa sulfuri na kuboresha rangi yake. Oili ya msingi inayopatikana huongezwa viungio vipya. Ikitimiza viwango, oili hiyo hufanya kazi kama iliyotoka kwenye mafuta ghafi.

Viwanda vya zamani vilitumia asidi ya sulfuri na udongo wa mfinyanzi. Njia hiyo ni rahisi kujenga lakini huacha tope lenye asidi ambalo lenyewe ni taka hatarishi, hivyo imeachwa katika nchi nyingi.

Kutumia kama nishati. Oili chafu ina joto jingi kama dizeli nzito na hutumika katika tanuri za viwanda. Katika tanuri ya saruji, ambamo malighafi hufikia joto la takriban nyuzi 1,450 za selisiasi, kemikali za oili huungua kabisa na sehemu kubwa ya metali hufungwa ndani ya klinka. Jiko la mkaa, tanuri ya matofali au kalibu ndogo ya kuyeyushia aluminiamu hazifikii hali hiyo wala hazina vichujio vya moshi. Hata inapochomwa vizuri, oili hiyo hutumika mara moja tu na kwisha, tofauti na ile inayosafishwa upya.

Matumizi ya mitaani Afrika Mashariki

Katika Afrika Mashariki oili chafu mara nyingi haitupwi, bali huuzwa. Mafundi huiweka kwenye madumu na wanunuzi huipitia. Matumizi yake ya kawaida ni haya:

Kupaka mbao na nguzo ili kuzuia mchwa. Oili hufukuza mchwa kwa muda, lakini haishikamani na mbao kama dawa za viwandani. Mvua huiosha na kuipeleka kwenye udongo, ndiyo maana nguzo za uzio hupakwa tena na tena. Haifai kwa mbao za ndani ya nyumba, mabanda ya kuku, mizinga ya nyuki wala vitalu vya mboga.

Kupaka mbao za kumwagia zege, ili zege isishike. Kiasi cha oili hubaki kwenye uso wa zege na kwenye udongo wa eneo la ujenzi.

Kutuliza vumbi barabarani na uani. Matumizi haya ni sawa na kuimwaga, na yamepigwa marufuku katika nchi kadhaa.

Kupaka mifugo na mbwa wenye upele. Mnyama hufyonza sumu kupitia ngozi na pia hujilamba. Zipo dawa za mifugo kwa ugonjwa huo.

Kuuza tena kama oili mpya. Oili chafu iliyochujwa kidogo na kutiwa kwenye makopo yaliyotumika huharibu injini ya mnunuzi. Kutoboa kopo tupu au kulikata kabla ya kulitupa huwanyima waghushi chombo.

Sheria

Mkataba wa Basel, uliopitishwa mwaka 1989 na kuanza kutumika mwaka 1992, unataja mafuta ya madini yasiyofaa tena kwa kazi yake ya awali katika orodha ya taka zinazodhibitiwa, chini ya alama Y8. Hayaruhusiwi kuvuka mpaka bila idhini ya nchi inayopokea. Kenya na Tanzania ni wanachama.

Nchini Tanzania usimamizi wa taka hatarishi unatokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake. Anayekusanya au kusafirisha taka hizo anahitaji kibali. Nchini Kenya msingi ni Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, iliyounda mamlaka ya NEMA, na kanuni za taka zinazodai leseni kwa wasafirishaji. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 iliongeza wajibu wa mzalishaji, yaani anayeingiza bidhaa sokoni hushiriki kugharimia taka yake.

Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake la kwanza kuhusu oili chafu mwaka 1975, na sasa huagiza ikusanywe peke yake. Nchini Ujerumani muuzaji wa oili ya injini hulazimika kupokea bure oili chafu ya kiasi alichomuuzia mteja. Nchini Afrika Kusini, kampuni za oili zilianzisha mwaka 1994 shirika lisilo la faida, ROSE Foundation, la kuratibu ukusanyaji nchini kote.

Changamoto za ukusanyaji

Urejelezaji hukwama zaidi katika ukusanyaji. Kiwanda cha kusafisha upya kinahitaji shehena kubwa inayofika kila mara, lakini oili hutoka lita moja au nne kwa wakati katika maelfu ya gereji, vijiwe na nyumba. Mnunuzi wa tanuri au wa mbao yuko karibu na hulipa fedha taslimu. Mkusanyaji mwenye kibali huja kwa nadra na hutaka kiasi cha kutosha kujaza gari lake.

Kwa sababu hiyo mipango inayofaulu huanza na pipa la pamoja. Gereji kadhaa au kijiwe cha bodaboda huwa na pipa moja lenye kifuniko, lililowekwa juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo na chini ya paa, pamoja na wavu wa kuchuruzishia filta. Mtu mmoja huwa na ufunguo ili pasiwekwe petroli wala maji ya rejeta. Pipa lililojaa oili isiyochanganywa lina thamani kwa mkusanyaji, na mtu anayebadilisha oili nyumbani hupata mahali pa kupeleka dumu lake.